Kwa nini kiungo huvimba jioni, na keshokutwa kikawa kizima kama hakijawahi kuuma?

Tuseme mama yuko mwaloni Kibirizi, Kigoma, anageuza dagaa juani. Saa tisa alasiri kifundo cha mkono wa kulia kinaanza kuwaka kwa ndani. Kufika magharibi kimevimba, ngozi ni ya moto na inang'aa, hawezi kuepua sufuria wala kujifunga kanga. Usiku haupiti. Kesho yake kutwa nzima ni hivyohivyo. Siku ya tatu anaamka, anaukunja mkono, anaukunjua, mzima kabisa. Wiki tatu baadaye zamu ni ya goti la kushoto, kisha bega.

Hali hii inaitwa rumatizimu ya palindromu. Madaktari wawili wa kliniki ya Mayo nchini Marekani, Philip Hench na Edward Rosenberg, waliieleza kwa kirefu mwaka 1944 kutokana na wagonjwa 34 waliowafuatilia. Jina walilitoa kwenye Kigiriki, maana yake kukimbia na kurudi ulikotoka. Chukua neno letu "utatu": ulisome kuanzia mwanzo au kuanzia mwisho, ni lilelile. Ugonjwa huu nao huanza na uzima na kuishia kwenye uzima.

Kwetu kila maumivu ya viungo ni baridi yabisi, na lawama huenda kwa maji ya ziwa au upepo wa alfajiri. Baridi haina hatia hapa. Kinachotokea ni kinga ya mwili kujigeuka. Seli nyeupe za damu humiminika kwenye kiungo, na mara nyingi zaidi kwenye nyama laini zinazokizunguka: kano, ala zake na mafuta yaliyo chini ya ngozi. Zikifika humwaga kemikali zinazotanua mishipa midogo, maji ya damu yanavuja, na huo ndio uvimbe, wekundu na joto. Baada ya saa kadhaa au siku chache zinatawanyika. Gegedu na mfupa hazijaguswa, ndiyo maana picha ya eksirei hutoka safi hata kwa mtu aliyeugua miaka. Hapo ndipo inapoachana na baridi yabisi ya kudumu, ambayo utando wa ndani wa kiungo hunenepa na kuanza kula mfupa.

Shambulio kwa kawaida hushika kiungo kimoja, viwili au vitatu, hasa vifundo vya mikono na vidole, magoti, mabega na vifundo vya miguu. Hupenda kuanza alasiri au jioni. Huchukua saa chache hadi siku tatu, kwa nadra wiki nzima. Homa kwa kawaida haipo. Wengine huvimba ncha ya kidole au kisigino bila kiungo chenyewe kuuma, au huota vinundu vidogo chini ya ngozi ya vidole vinavyotoweka vyenyewe. Wanaume na wanawake huugua karibu sawa, wengi wakiwa kati ya miaka 20 na 50.

Sasa tatizo kubwa, nalo ni la safari. Mtu wa Kibondo yuko zaidi ya kilomita 200 kutoka Hospitali ya Maweni, iliyoko Kigoma mjini. Atafute nauli, asafiri, apange foleni, na akifika mbele ya daktari anaonyesha mkono usio na kasoro. Ushahidi umeshaondoka. Kwa hiyo ukamate ukiwa bado upo.

Kiungo kikivimba, nenda siku hiyohiyo kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni kidogo, uvimbe uonwe na uandikwe kwenye cheti. Piga picha kwa simu mchana, si usiku kwa taa: weka mikono yote miwili sambamba juu ya kitambaa cheupe, ili mkono usiouma uwe kipimo cha ule unaouma. Kisha chukua tepu ya fundi cherehani, zungusha kifundo cha kulia na cha kushoto mahali palepale, uandike sentimita. Katika daftari weka tarehe, saa ya kuanza, kiungo gani na upande gani, joto la mwili, dawa uliyomeza, na saa kilipopona. Daftari la miezi mitatu lenye mashambulio manne au matano humsaidia daktari kuliko kipimo kimoja cha damu.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya malaria. Kigoma na Tabora ni mikoa yenye malaria nyingi, na mtu akisema viungo vinauma hupimwa hiyo kwanza, sawasawa kabisa. Lakini kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya kwa wiki kadhaa baada ya kutibiwa, maana hunasa protini ya kimelea iliyobaki kwenye damu. Na malaria huuma mwili mzima. Haichagui kifundo kimoja ikakivimbisha na kukitia wekundu. Ukiwa na mkono uliovimba na kipimo chanya, tibiwa malaria, kisha uliza tena kuhusu mkono.

Ugonjwa unaofanana zaidi na rumatizimu ya palindromu ni gauti (jongo), inayoletwa na asidi ya yuriki kuzidi mwilini, ambayo pia huja na kuondoka. Gauti hupenda kuanzia kidole gumba cha mguu, na kipimo cha asidi ya yuriki kinaweza kusoma kawaida wakati wa shambulio lenyewe, kwa hiyo hurudiwa wiki mbili baadaye. Kwa wanaokunywa maziwa mabichi, kama ilivyo kwa wafugaji wengi wa Tabora, bruselosi, maambukizi ya bakteria yatokayo kwa mifugo, ifikiriwe, hasa kukiwa na homa za wiki nyingi, jasho la usiku na maumivu ya kiuno. Mtoto ambaye maumivu yanahama kiungo hadi kiungo baada ya kuumwa koo apelekwe hospitali bila kuchelewa, inaweza kuwa homa ya rumatiki inayoharibu vali za moyo. Na kiungo kimoja chenye moto, kilichojaa, kisichogusika, pamoja na homa, kinaweza kuwa na usaha ndani: hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Tiba ina kishawishi chake. Kwa kuwa shambulio huisha lenyewe, chochote utakachopaka siku ya pili, mawese, mise (mafuta ya kokwa za mchikichi) au asali ya miombo, kitaonekana kimeponya siku ya tatu. Kukanda hakuna ubaya. Kuchanjwa chale juu ya kiungo kilichovimba ni kufungulia wadudu mlango. Mtu mzima asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala ujauzito anaweza kumeza ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa 8, ameshakula, kwa siku hizo chache tu. Kosa la kawaida dukani ni kuichanganya na diklofenaki: hizo ni dawa za ukoo mmoja, na tumbo na figo ndivyo vinavyolipa.

Mashambulio yakiwa ya mara kwa mara, daktari huanzisha haidroksiklorokwini, kumezwa kila siku ili kuyapunguza. Usishangae jina. Ni ndugu wa klorokwini iliyoachwa kama tiba ya kwanza ya malaria Tanzania mwaka 2001, na wengine huwawasha ngozi kama zamani. Haikukingi na malaria ya hapa. Kipimo chake hakizidishwi miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na macho huangaliwa mwanzoni na baadaye, kwa sababu ikizidi muda mrefu hudhuru retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Takriban theluthi moja ya wagonjwa, kadiri miaka inavyokwenda, huingia kwenye baridi yabisi ya kudumu. Walio hatarini zaidi ni wenye kingamwili ziitwazo anti-CCP. Kipimo cha RF, kinachotafuta kingamwili nyingine, nacho hutumika, ila maambukizi kama kifua kikuu huweza kukifanya chanya, kwa hiyo kisisomwe peke yake. Angalia daftari lako: uvimbe unaopita wiki bila kushuka, vidole vya mikono yote miwili kushikwa pamoja, ukakamavu wa asubuhi unaozidi saa nzima. Hapo rudi hospitali hata kama siku hiyo huna maumivu makali, kwa sababu dawa za kutuliza kinga ya mwili kama methotrekseti hufaa zikianzwa kabla mfupa haujaliwa, na mfupa ulioliwa haurudi.