Jangwani peke yako: chagua pikipiki unayoweza kuiinua mwenyewe

Kila kiangazi kikianza hapa Lubumbashi, swali lilelile hurudi kwa wanaotaka kupita mpaka wa Kasumbalesa, kuikata Zambia na kufika kwenye mchanga wa kaskazini-magharibi mwa Namibia: ninunue pikipiki gani? Wengi hutaka wasikie jina la kampuni na ukubwa wa injini. Mimi huwapa kipimo kingine. Ijaze esanse (petroli), funga mizigo yote, ilaze mchangani, kisha iinue. Pumzika dakika moja, ilaze upande wa pili, iinue tena. Fanya hivyo mara tatu. Ukishindwa hata mara moja, hiyo si pikipiki ya kwenda nayo peke yako, hata kama kwenye lami inateleza kama mtumbwi ziwani.

Mchanga humwangusha kila mtu, fundi na mwanafunzi. Mkiwa wawili, mwenzako hushika nyuma mkainua pamoja. Ukiwa peke yako saa nane mchana, kila unapoinua unamwaga maji ya mwili ambayo hukuyapigia hesabu. Pikipiki ya cc 250 yenye kilo 130 hadi 145 mtu wa kawaida anaimudu. Zile za 1200, ambazo tanki likijaa hupita kilo 230, ni nzuri kwa barabara kubwa, lakini zikilala kwenye mchanga laini zinataka watu wawili.

Kuinua kuna utaratibu wake. Zima injini, funga bomba la esanse. Kama imelalia upande wa kulia, toa stendi ya pembeni kabla ya kuigusa, la sivyo ikisimama itaangukia ng'ambo. Tia gia ya kwanza ili magurudumu yasizunguke. Ipe mgongo, egemeza makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike usukani na mwingine chuma cha nyuma ya kiti, halafu tembea kinyumenyume kwa hatua fupi. Miguu ndiyo inayosukuma. Atakayeivuta kwa kiuno ataumia siku ya kwanza na safari yake itaishia hapo. Ikisimama, ngoja dakika mbili, kwa sababu karbureta imefurika. Fungua gesi yote (mkono wa kuongeza mwendo), kisha piga starta kidogo kidogo.

Kutokana na kipimo hicho, hesabu ya mizigo inajitokeza yenyewe. Chukua mzunguko wa huko Namibia wa Opuwo, Sesfontein, Purros, Orupembe na kurudi Opuwo. Unapita kilomita 500. Weka 550 kwa ajili ya kupotea na kuzunguka. Pikipiki ya 250 inayokula lita 3 kwa kilomita 100 kwenye lami, mchangani itakula lita 4 na nusu, maana inakwenda gia za chini huku gurudumu la nyuma likichimba. Hiyo ni lita 25. Ongeza robo, upate lita 31. Tanki likiwa la lita 11, zilizobaki 20 zinaingia kwenye bidoni (madumu), karibu kilo 15. Sesfontein esanse hupatikana, lakini siku nyingine hakuna, kwa hiyo usiitie kwenye hesabu. Maji ni lita 10, yaani kilo 10, na kila mahali penye kisima ujaze upya. Vifaa na kambarashi (mpira wa ndani ya tairi) kilo 6, hema, blanketi na chakula kilo 10. Jumla kilo 41, na kipimo cha kuinua ufanye nazo zote zikiwa juu.

Bidoni zifungwe chini na mbele iwezekanavyo, zisikae nyuma ya ekseli. Mifuko iwe ya turubai, si masanduku ya bati. Sanduku gumu likiukandamiza mguu wako mchangani, na hakuna mtu wa kuitikia ukiita, hapo hali ni mbaya kweli.

Sasa injini. Mafundi wetu wengi wa mjini, kwa nia njema ya kumpunguzia motari (dereva wa bodaboda) gharama, hubadilisha jikleri, kile kitundu cha kupitisha esanse ndani ya karbureta, wakaweka ndogo ili pikipiki isile sana. Hapa mjini inavumilia. Mchangani, ukiwa na mzigo na gesi wazi kwa saa nzima, injini inayopata hewa nyingi na esanse kidogo hupata joto mno na valvu ya moshi huungua. Fungua buji (plagi) baada ya mwendo mrefu uitazame: kahawia hafifu ni sawa, nyeupe kama chaki ina maana unachoma injini. Mwambie fundi arudishe jikleri ya kiwandani kabla hujaondoka.

Adui mkubwa zaidi ni vumbi. Filta ya sponji ioshwe kila jioni unapopita njia za mchanga. Beba mbili, moja ikiwa tayari imetiwa mafuta ndani ya mfuko wa plastiki. Ioshe kwa mafuta ya taa, si esanse, kwa sababu esanse hulegeza gundi inayounganisha sponji. Ikamue bila kuisokota, ikauke kabisa, itie mafuta ya filta, ikamue tena mpaka rangi iwe sawa kote. Kisha fanya jambo ambalo wengi wanalisahau: paka grisi kwenye ukingo wa filta, pale inapokutana na boksi. Kesho yake pitisha kidole kwa ndani, upande wa karbureta. Kidole kikitoka na unga mwembamba, hata mstari mmoja tu, filta haikukaa vizuri na mchanga unaingia kwenye silinda. Usiwashe tena mpaka uirekebishe.

Pine, yaani tairi: kwenye lami bar 2.0 mbele na 2.2 nyuma, kwenye changarawe shuka hadi 1.8, mchanga mzito 1.2, na usishuke chini ya 1.0 kama rimu haina kishikio cha pine, kwa sababu pine itazunguka peke yake na kuing'oa valvu ya kambarashi. Ukitoka mchangani pampu mara moja, maana jiwe likigonga pine laini, kambarashi hubanwa kwenye rimu ikatoboka matundu mawili pamoja. Kama nafasi ni ndogo, beba kambarashi ya mbele, ya inchi 21. Kwa dharura inaingia pia gurudumu la nyuma la inchi 18; ya nyuma haiingii mbele vizuri.

Mnyororo usiupake oili mchangani. Oili na mchanga ni msasa. Uache mkavu, upige brashi jioni, na ulegee milimita 30 hadi 40.

Barabara za changarawe za Namibia zina mawimbi kama bati la paa, na mtikisiko huo hulegeza kila kitu. Kabla ya kulala, zunguka na tochi utazame keria. Ukiona karibu na mahali palipochomelewa mstari mwembamba wa unga wa kahawia, chuma kimeanza kusuguana na ufa upo ndani, hata kama hujauona. Funga waya leo, kabla hakijakatika. Tanki likivuja kidogo, kipande cha sabuni kikavu ukikisugulia ufa kwa nguvu kitakufikisha mjini, kwa sababu sabuni haiyeyuki kwenye esanse.

Kuendesha kwenyewe si kugumu kueleza. Simama juu ya vikanyagio, tazama mbali, uzito nyuma, gesi isipungue, breki ya mbele iache. Ikizama hadi ekseli usizidishe gesi, utaunguza klachi bure. Ilaze, jaza shimo mchanga, iinue, na utakuwa juu yake. Fuata njia iliyopo tu. Alama ya pine kwenye tambarare za kokoto hubaki miongo mingi, na kuiharibu nchi ya wenyeji kwa dakika tano za raha ni jambo baya. Usilale kwenye kitanda cha mto mkavu: Hoarusib, unaopita Purros, ndiyo njia ya tembo.

Karatasi: karte roze (hati ya usajili wa pikipiki) yenye jina lako, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na leseni ya kimataifa, kwa sababu yetu ni ya Kifaransa. Kadi ya njano ya COMESA, ile bima ya vyombo vya moto ya nchi za soko la mashariki na kusini mwa Afrika, inakulinda Zambia. Namibia haimo, kule unalipa ushuru wa barabara mpakani. Baada ya Kasumbalesa unaendesha kushoto, na hatari huja asubuhi ya pili, ukitoka kituo cha esanse na kurudi kulia bila kufikiri. Hifadhi ya wanyama ya Etosha usiitie kwenye ramani yako, pikipiki haziruhusiwi kuingia.

Mwisho ni ahadi na mtu wa nyumbani. Simu hazishiki huko, kwa hiyo beba kifaa cha ujumbe wa setelaiti, na mwachie ndugu mmoja karatasi yenye njia yako ya kila siku na namba ya polisi wa Opuwo. Ujumbe mmoja saa kumi na mbili jioni. Saa ya Namibia ni moja na ya Lubumbashi, hakuna kuchanganyikiwa. Ujumbe usipofika hadi saa nne asubuhi, ndugu huyo aanze kupiga simu. Na wewe, pikipiki ikikufia, tandika turubai upate kivuli ubaki hapohapo kando yake. Anayekutafuta ataiona pikipiki kwanza.