Mateka aliyepiga mluzi

Juzi darasani hapa Bukavu mwanafunzi aliniuliza: "Mwalimu, Wakongomani walipigana Ulaya lini? Si vita vyetu viliishia Tabora?" Swali la haki. Ukitaja Vita Kuu ya 1914 huku Kivu, watu hukumbuka wabeba mizigo na Tabora, iliyotekwa kutoka kwa Wajerumani Septemba 1916. Albert Kudjabo hana anayemtaja.

Alizaliwa Kilo, Ituri, mwaka 1896. Wajerumani walipoivamia Ubelgiji, Agosti 1914, alikuwa huko tayari, akaingia kikosi cha kujitolea cha Kanali Chaltin pamoja na Paul Panda Farnana, mtaalamu wa kilimo. Mwezi haukwisha, mji wa Namur ukaanguka, wote wawili wakatekwa. Walipigana siku chache tu, wakakaa kifungoni Ujerumani zaidi ya miaka minne.

Huko kambini wataalamu wa Prussia, akiwemo Wilhelm Doegen, walikuwa wakiwapanga mateka mbele ya honi ya kurekodia. Walitaka lugha za dunia kwenye santuri. Mtu mwenyewe alikuwa kielelezo tu. Kudjabo aliimba, akasimulia, akapiga ngoma na mluzi.

Hapo kwenye mluzi ndipo mimi, mtu wa lugha, ninaposimama. Anayejua Kiswahili peke yake atausikia kama burudani, maana Kiswahili hakina toni, yaani sauti ya juu au ya chini inayobadili maana ya neno. Lakini Lingala mnayo: "moto" ni mtu, pandisha sauti mwishoni, "motó", ni kichwa. Niligonga meza ya darasani, katikati kisha pembeni, sauti mbili, wakacheka: "Ni kichwa, Mwalimu!" Ngoma ya gogo hufanya kazi hivyohivyo. Gogo huchongwa likawa na ufa juu: mdomo mmoja wa ufa huachwa mnene, mwingine hupunguzwa, kila mmoja na sauti yake. Kwa kuwa maneno mengi hufanana toni, mpigaji hurefusha neno liwe fungu zima la maneno, msikilizaji asikosee. Mluzi nao hubeba toni hizo bila konsonanti wala vokali.

Baada ya vita alirudi Ubelgiji. Mwaka 1919 Panda alianzisha Union Congolaise, chama cha Wakongomani waliokuwa Ubelgiji, na Kudjabo alikuwemo. Alifariki 1934.

Santuri ziko Berlin, Chuo Kikuu cha Humboldt. Ninachotafuta sasa ni mzee wa Kilo anayejua ngoma, tukae naye mbele ya spika, anieleze Kudjabo alisema nini. Mwenye babu wa namna hiyo aniandikie.