Mpenzi wangu ni transijenda: maswali na majibu

Nilizaliwa na mwili wa kike ila mimi ni mwanamume. Nachoma sindano za testosteroni, homoni ya kiume, mwaka wa pili na hedhi imekatika. Mpenzi wangu ni mwanamume wa kuzaliwa. Bado naweza kushika mimba?

Ndiyo. Naomba ulishike hili kabla ya mengine yote. Testosteroni husimamisha hedhi, lakini si njia ya uzazi wa mpango. Yai linaweza kupevuka hata kama hujaona damu miezi kadhaa, na mimba ikiingia, homoni hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Kondomu, kitanzi na kijiti vyote vinakufaa; kijiti hakina estrojeni, homoni ya kike, kwa hiyo usihofie ndevu zako. Wanawake transijenda, yaani waliozaliwa na mwili wa kiume, wanaotumia estrojeni nao wasijiaminishe: mbegu hupungua, pengine hukauka kabisa, ila hakuna wa kukuhakikishia. Mnaotamani watoto baadaye, ulizieni kuhifadhi mbegu au mayai kabla ya kuanza homoni.

Tangu mwenzangu aanze testosteroni, tendo linamuuma.

Homoni hiyo hukausha uke, na ngozi yake huwa nyembamba na kuchubuka upesi. Tumieni vilainishi vya maji. Mafuta ya nazi na vaselini wekeni kando, maana hudhoofisha kondomu za mpira zikapasuka. Maumivu yakiendelea, daktari anaweza kumwandikia krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Dozi yake ni ndogo, haimrudishi nyuma sauti wala ndevu. Asikubali kuumia ili wewe uridhike.

Mke wangu ni transijenda na anaishi na VVU. Mimi sina. Je, ARV zitagombana na homoni zake?

Akimeza ARV vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, na vikaendelea kutoonekana, hakuambukizi kwa ngono. Kabla hajafika hapo, wewe meza PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya kukutana navyo, na mtumie kondomu; ikipasuka na hujaanza PrEP, wahi PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya kukutana navyo, ndani ya saa 72. Baadhi ya ARV hubadilisha kiwango cha homoni mwilini, hivyo mhudumu lazima ajue kila anachotumia, hata homoni alizonunua mtaani. Asiache ARV kwa kuogopa kupoteza umbo lake. Dozi hurekebishwa.

Shangazi anasema mwenzangu ana ugonjwa wa akili.

Kuwa transijenda si ugonjwa wa akili. Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii kwenye kundi la magonjwa ya akili katika mwongozo uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2022.

Naogopa kumgusa vibaya.

Muulize mkiwa mmekaa mnakunywa chai, si taa zikishazimwa. Kiswahili kimetubariki kwa "yeye" isiyo na jinsia, lakini majina ya viungo huweza kuchoma. Wapo wanaume wanaosema "kifua" na hawataki kusikia "matiti". Wapo wanaovua vyote isipokuwa fulana. Mwache nayo. Ila kama hufunga kifua kwa vazi la kubana, mkumbushe alivue kabla ya kulala, mbavu zipate kupumua.