Je, wajua? Jinsi HMS Hunter ilivyonusurika bomu la baharini mwaka 1937

Mei 13, 1937 Uingereza haikuwa vitani na nchi yoyote ya Ulaya. Hata hivyo, siku hiyo manowari yake HMS Hunter ilipasuliwa na bomu karibu na Almería, kusini mwa Hispania, ikiwa kwenye doria ya kuzuia mataifa mengine yasiingilie vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wahispania. Mabaharia 8 walikufa, 24 wakajeruhiwa.

Bomu la kutegwa baharini halichagui bendera. Hilo lilikuwa limeachwa hapo wiki kadhaa kabla na boti mbili za kasi zilizoitwa Falange na Requeté, zilizotoka Ujerumani, za upande wa Jenerali Franco aliyekuwa akiipiga vita Serikali ya Hispania. Bomu la kawaida la enzi hizo huelea chini kidogo ya uso wa maji, limefungwa kwa waya wa chuma kwenye uzito uliolala sakafuni mwa bahari. Juu yake huchomoza pembe za madini laini ya risasi, na ndani ya kila pembe mna kichupa cha kioo chenye asidi. Meli ikiipinda pembe, kichupa huvunjika, asidi inashuka kwenye betri kavu, umeme unazaliwa, bomu linalipuka.

Hunter ilikuwa destroya, yaani manowari ndogo ya kasi, ya mita 98, yenye nguvu za farasi 34,000 na kasi ya maili 36 za baharini kwa saa. Ili kufikia mwendo huo, meli za aina hii zilijengwa nyepesi, bila deraya (bamba nene za chuma za kujikinga) ubavuni. Bomu lilipolipuka, omo, yaani sehemu ya mbele, ilijaa maji, meli ikainama upande, redio ikafa. Luteni Patrick Humphreys aliongoza kikundi cha uokoaji hadi kwenye vyumba vya mabaharia vilivyofurika maji na mafuta mazito. Kazi ya kutisha mno, maana hakuna aliyejua meli ingeelea kwa muda gani.

Iliyoiokoa ni mipangilio ya ndani: kuta za chuma zisizopitisha maji zinazoigawa meli vyumba vyumba. Omo ilifurika, lakini maji hayakuenea hadi tezi, sehemu ya nyuma.

Manowari ya Serikali ya Hispania, Lazaga, iliikokota hadi Almería; kisha Hyperion, manowari ya Uingereza ya muundo uleule wa Hunter, ikaipeleka Gibraltar kutiwa viraka, na matengenezo makubwa yakafanyika Malta hadi Novemba 1938. Hunter ilikuwa imekamilika Septemba 1936. Kwa hiyo, katika miaka yake mitatu kabla ya vita vya 1939, karibu nusu iliishia kwa mafundi, kwa bomu moja tu.