Je, wajua kwa nini sauti hutetema vizuri chini, ikipanda juu inakauka?

Keti nyuma ya kwaya yoyote ya Masasi au Mtwara mjini jioni ya mazoezi, usikilize wale wa sauti ya kwanza, yaani soprano. Kwenye noti za kati hakosekani dada mmoja ambaye sauti yake inayumba kwa utamu bila yeye kuhangaika. Wimbo ukipanda, utamu ule unakatika. Inabaki sauti nyoofu, kali, na kidevu kimeinuliwa kuelekea dari. Kimetokea nini hapo katikati?

Mtetemo huo, ambao wanamuziki huuita vibrato, ni sauti kupanda na kushuka kidogo kuzunguka noti ileile, mara 5 hadi 7 kwa sekunde. Kiasi chenyewe ni kidogo: kwa kila upande kwa kawaida hakizidi umbali uliopo kati ya mi na fa. Sikio halisikii noti mbili, linachukua ya katikati na kuisikia imenona. Carl Seashore wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliwapima waimbaji wa zama zake katika miaka ya 1920 na 1930, akakuta wengi wao wanatetema mara 6 au 7 hivi kwa sekunde. Ukishuka chini ya 5, sauti inasikika imechoka. Ukivuka 8, inasikika ina hofu. Na tusichanganye jambo hili na madoido ya mwadhini au ya mwimbaji wa taarabu. Yule anatembea kwenye noti mbalimbali kwa makusudi, na anajua anakwenda wapi. Vibrato inakuja yenyewe.

Inatoka wapi basi? Ndani ya kikoromeo kuna nyuzi mbili za sauti, na misuli inayovutana juu yake: mmoja unazirefusha, mwingine unazifupisha. Misuli hiyo haitulii kabisa. Mmoja ukivuta, neva zinapeleka taarifa, mwenzake anajibu, lakini jibu linachelewa kidogo, kwa hiyo mvutano unakwenda na kurudi. Huko kwenda na kurudi ndiko tunakokusikia, mradi misuli yote miwili iwe kazini na wala mmoja usikabwe.

Sasa noti ya juu. Wapigaji wa ngoma za Kimakonde huiweka ngoma karibu na moto kabla ya kucheza ili ngozi ikaze na mlio upande. Nyuzi za sauti nazo hupanda kwa kukazwa: zinarefushwa, zinakuwa nyembamba, na kugongana kwake kunaongezeka. Kwenye G ya juu ya sauti ya kwanza zinagongana mara 784 hivi kwa sekunde. Msuli unaorefusha unafanya kazi kubwa, na nafasi ya kuchezacheza imebaki ndogo. Hata hivyo bado ipo. Anayeimaliza ni mwimbaji mwenyewe.

Mtazame yule dada tena. Kabla noti haijafika amekwisha vuta pumzi hadi mabega yamepanda. Mishipa ya shingo imesimama. Kikoromeo kimekwea karibu na kidevu, na shina la ulimi limerudi nyuma. Anasukuma hewa nyingi mno, na nyuzi zinabanana ili kuizuia. Misuli ya nje ya koo, ambayo kazi yake hasa ni kumeza, imeingilia kazi isiyoihusu, ikavishika vyote visitikisike. Hapo hata umwambie atetemeshe vipi, hana cha kutetemesha.

Wengine wakiona hivyo wanatikisa taya, au wanakunjua na kukunja tumbo. Kwa maoni yangu huo ni udanganyifu unaoonekana hata kutoka benchi la mwisho. Tumbo likipigapiga, kinachobadilika zaidi ni ukubwa wa sauti, noti yenyewe inabaki pale pale. Na taya likishazoea kutikisika, kuliachisha ni kazi ya miezi.

Njia inayofaa ni ya polepole. Chukua mrija wa soda, uzamishe ncha yake kiasi cha vidole viwili ndani ya glasi ya maji, kisha imba kupitia mrija huo ukiteleza kutoka chini kwenda juu na kurudi. Mapovu yakitoka sawasawa, pumzi iko sawa. Yakirukaruka nje ya glasi, unasukuma. Hewa inayorudishwa na mrija inazisaidia nyuzi zisibanane. Baada ya hapo imba noti ya kati ambayo mtetemo wako unakuja wenyewe, panda nusu toni, yaani umbali ule wa mi hadi fa, sikiliza, panda tena. Pale unapokatika ndipo mpaka wako wa leo. Fanya kazi hapo kwa sauti ndogo, usiuruke.

Fungua mdomo pia. Sauti ya kwanza wengi hung'ang'ania kutamka “i” ya chini wakiwa juu. Haiwezekani. Kadiri noti inavyopanda ndivyo taya linavyopaswa kushuka, na “i” ikaribie “e” au hata “a”. Msikilizaji bado atalielewa neno, na koo litapumua.

Kuna walimu wa kwaya wasioutaka mtetemo kabisa, na wana haki yao. Watu ishirini wakitetema kila mmoja kwa mwendo wake, noti inatawanyika. Nyimbo za sauti moja za watawa, kama Wabenediktini waliofungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, huimbwa kwa sauti nyoofu. Ila unyoofu wa kuchagua ni tofauti na unyoofu wa koo lililokabwa.

Jambo la mwisho ni la huku kwetu. Msimu wa kupulizia mikorosho salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, vumbi lile linawasha koo. Nyuzi zikivimba, hata kidogo, noti za juu zinazoimbwa kwa sauti ndogo ndizo za kwanza kutoweka, wakati za chini bado zinasikika nzima. Tangawizi na mayai mabichi hayagusi nyuzi, kwa sababu kinachomezwa hupita njia nyingine. Kujifukiza mvuke kunazifikia. Vaa barakoa shambani, na uwaachie wenzako noti za juu Jumapili hiyo. Sauti ikibaki imekwaruza zaidi ya wiki 3, nenda hospitali ukaangaliwe koo.