Kuwa karibu na ufukwe si kuwa salama

Wengi Tanga huamini kwamba meli iliyozama maji mafupi haina hatari: unaingia kwa miguu, unapiga mbizi, unarudi. Mfano ni Rubens, meli ya Wajerumani iliyojifanya ya Denmark, iliyoshambuliwa na manowari ya Uingereza, Hyacinth, katika ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, Aprili 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Maji yalikuwa mafupi kiasi kwamba Wajerumani waliopoa sehemu kubwa ya shehena yake ya silaha.

Kuingia kutoka pwani kunawezekana. Kazi ni kurudi. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakianza kupwa mkondo huvuta nje. Aliyekuja na mashua hufuatwa na mashua. Wewe unaogelea kinyume, umechoka, mtungi wa hewa unaelekea kuisha.

Maji mafupi nayo yana mtego wake. Ukipanda kutoka mita 10 hadi juu, hewa iliyo kifuani hutanuka mara mbili. Anayebana pumzi kwa woga anaweza kupasuka mapafu. Hapo sijataja jarife, wavu mkubwa wa kuvulia, lililonasa kwenye vyuma vya meli.

Ukiamua kwenda, waulize wavuvi saa za maji, ingia yakielekea kujaa ili umalize kabla hayajageuka, uwe na mwenzako, kisu, na mashua juu. Ndani ya meli usiingie.