Kuanza maonyesho ukiwa na mbwa aliyekwisha kukomaa

Maonyesho ya mbwa, kwa maana inayozungumziwa hapa, ni mashindano ya umbile. Mbwa haruki viunzi, hafuatishi harufu, wala haulizwi anajua amri ngapi. Jaji anamtazama, anampapasa kuanzia kichwani hadi mkiani, anamwona akienda na kurudi, kisha anajiuliza swali moja: huyu anakaribia kiasi gani maelezo yaliyoandikwa ya aina yake? Maelezo hayo ndiyo vigezo vya aina. Hutaja urefu wa begani, umbo la jicho, rangi zinazokubalika, mkao wa mkia, mwendo, na hata tabia. Ndiyo maana mbwa anaweza kupendwa na uwanja mzima kisha akatoka mikono mitupu. Mashabiki wanapima anavyovutia, jaji anapima vigezo.

Mtindo huu una chimbuko lake. Maonyesho ya kwanza ya namna ya kisasa yalifanyika Newcastle upon Tyne, Uingereza, mwaka 1859, yakiwa ya mbwa wa uwindaji tu, pointa na seta. Kennel Club ya Uingereza, chama kinachosajili mbwa na kusimamia maonyesho, ikaundwa 1873, American Kennel Club 1884, na FCI, shirikisho lenye vyama wanachama katika nchi nyingi duniani, 1911. Tangu mwanzo nia ilikuwa kutambua mbwa wanaofaa kuendeleza kizazi. Ukiikumbuka nia hiyo, kanuni nyingi zinazomshangaza mgeni zinaeleweka zenyewe.

Sasa, wengi huamini kwamba mbwa wa maonyesho lazima aanze akiwa mdogo, na kwamba aliyefikisha miaka miwili au mitatu bila kuuona ulingo amechelewa. Hajachelewa. Madaraja ya watoto wa mbwa yapo, lakini uzito wa mashindano uko kwa wakubwa. Chini ya kanuni za FCI, daraja la wazi huanzia miezi 15, na cheti cha kimataifa kiitwacho CACIB hakitolewi kwa watoto wala kwa vijana wa daraja la chini. Uingereza, ubingwa unahitaji vyeti 3 vya Kennel Club kutoka kwa majaji 3 tofauti, na angalau kimoja mbwa awe amekipata akiwa amepita miezi 12. Marekani zinatakiwa alama 15, nazo haziwezi kukamilika bila majaji wasiopungua 3. Kwa ufupi, mbwa wako mkubwa anaingia moja kwa moja kwenye kundi ambalo wenye watoto wa mbwa bado wanalisubiri.

Tena ana faida ambayo mtoto hana: hana siri. Anayenunua mtoto wa wiki nane kwa ajili ya maonyesho anabahatisha. Meno ya ukubwani hayajaota, urefu wa mwisho haujulikani, na kwa dume hata korodani zinaweza zisishuke zote mbili. Chukua Shetland Sheepdog, aina ndogo ya mbwa wa kuchunga kondoo. Vigezo vya Marekani vinataka urefu wa begani uwe kati ya inchi 13 na 16, na anayetoka nje ya mipaka hiyo, juu au chini, anaondolewa mashindanoni. Mtoto mzuri kupindukia anaweza kuvuka mpaka huo kabla ya kutimiza mwaka, na kazi yote ikaishia hapo. Mkubwa unamsimamisha ukutani, unampima, na jibu unalo siku hiyohiyo. Hali ni hiyohiyo kwa meno. Dobermann anayekosa meno manne au zaidi anaondolewa kwa vigezo vya Marekani, na meno ya mbwa mkubwa unayahesabu mwenyewe: yaliyo kamili ni 42.

Kwa hiyo kazi ya anayeanza na mbwa mkubwa si kumjenga mbwa. Umbile limeshakamilika na hutalibadilisha. Ulilobakiwa nalo ni kujua kama anaruhusiwa, kujua kama anafaa, na kumwondolea mazoea ambayo wewe mwenyewe, kwa nia njema kabisa, umempa miaka yote hii.

Suala la ruhusa litangulie mengine yote, maana ndilo huvunja mipango. Kwanza ni hati. Mbwa anatakiwa awe ameandikishwa, kwa jina lako, katika chama kinachotambuliwa na waandaaji. Kuna hati zinazothibitisha ukoo lakini zinazuia maonyesho: Marekani, mzalishaji anaweza kumwandikisha mtoto kwa usajili wenye mipaka, na mbwa huyo haruhusiwi kushindana kwa umbile hadi mzalishaji mwenyewe aombe mipaka iondolewe. Watu huigundua habari hii miaka mitatu baadaye, hati ikiwa imelala kabatini. Isome yako leo. Ukikuta kizuizi, usimkasirikie mzalishaji. Mwandikie, mtumie picha za mbwa akiwa amesimama pembeni na za mdomo, kisha mwombe amtazame upya. Wapo wanaokubali, kwa kuwa naye siku ile alipomuuza mtoto alikuwa anakisia.

Pili ni uzazi. American Kennel Club haimruhusu mbwa aliyehasiwa kwenye madaraja ya kawaida ya umbile, na chini ya FCI dume anatakiwa awe na korodani mbili zilizoshuka na zinazoonekana kuwa za kawaida. Hapa ndipo nia ile ya zamani inapojitokeza: kama lengo ni kuchagua wazazi, asiyeweza kuzaa hana cha kushindania. Hata hivyo Kennel Club ya Uingereza huwaruhusu waliohasiwa kwa utaratibu wake, kwa hiyo usimkatie tamaa mbwa wako kwa kanuni za nchi nyingine. Tatu ni mwili uliokatwa. Mbwa mwenye masikio yaliyochongwa hakubaliwi katika maonyesho ya Kennel Club, hata kama alichongwa nchi ambako ni halali na mwenye mbwa wa sasa hakuwepo.

Akishapita hapo, tafuta macho ya mtu mwingine. Yako hayafai. Mtu aliyelala na mbwa chumba kimoja miaka minne hawezi kuona kwamba bega limesimama wima mno au kwamba nyuma kuna visigino vinavyogongana. Nenda maonyesho kwanza bila mbwa. Kaa kando ya ulingo wa aina yako, tazama madaraja yote, na subiri watu wamalize kazi kabla ya kuwasogelea. Anayechana mbwa dakika tano kabla ya kuitwa hatakujibu vizuri, na hana kosa. Baadaye, akiwa ametulia, atakwambia mengi kuliko ulivyotarajia. Uliza pia kama kuna klabu yenye mazoezi ya ulingoni, kwa sababu huko mbwa wako atashikwa na wageni wengi bila gharama ya kujiandikisha wala aibu.

Na sasa mazoea. Mbwa mwenye adabu za nyumbani amefunzwa kwamba binadamu akisimama, yeye anakaa. Ukisimama mlangoni, anakaa. Ukishika chakula, anakaa na kukukodolea macho. Ulingoni ni kinyume: ukisimama naye asimame, miguu ya mbele ikiwa wima chini ya mabega, ya nyuma imesogezwa kidogo mpaka fupa la kisigino hadi unyayo liwe wima, kichwa juu. Kumwadhibu kwa kukaa ni kumchanganya, maana jana ulimsifia kwa jambo hilohilo. Fanya hivi: tembea naye, na kabla hujasimama kabisa sogeza kipande cha nyama mbele ya pua yake, usawa wa pua, kisiwe juu wala chini. Ukikiinua, matako yatashuka. Ukikishusha, kichwa kitafuata. Akisimama hata sekunde moja miguu minne ikiwa chini, mpe palepale. Kisha sogea tena. Tumia neno jipya ambalo hajawahi kulisikia, na umbadilishie kamba: ile nyembamba ya maonyesho iwe ya kazi hii tu. Mbwa huisoma kamba haraka sana, na wengi wao baada ya muda mfupi hukaa wakiwa na ya kawaida na kusimama wakiwa na nyembamba, bila kuchanganyikiwa.

Kushikwa na mgeni ni mtihani mwingine, na kwa mbwa mkubwa ndio mgumu zaidi. Jaji anakuja kutoka mbele. Anaangalia kichwa, kisha midomo inainuliwa ili meno yaonekane. Anataka kuona kama ya juu yanafunika ya chini kwa kugusana, au vyovyote vigezo vya aina hiyo vinavyosema. Mikono inashuka kwenye kifua, mabega, mgongo, mapaja, na kwa dume inaishia kwenye korodani. Aina ndogo hufanyiwa haya mezani. Mbwa ambaye maishani ameshikwa na watu wa nyumbani na daktari tu atarudi nusu hatua pale mkono unapofika mdomoni, na nusu hatua hiyo inaharibu mkao wote. Waombe marafiki wasiofanana: mwenye kofia, mwenye ndevu, mwenye miwani mikubwa, anayenukia manukato makali. Kila mmoja amguse kidogo, aondoke. Ila akinguruma au kujikunyata kwa hofu, simama kwanza ujiulize kama jambo hili ni lake. Vigezo vingi vinazungumzia tabia, na anayejaribu kuuma hufukuzwa ulingoni.

Mwendo ni mchakamchaka, si matembezi wala mbio. Kwa kawaida mbwa huwa kushoto kwako na mzunguko huenda kinyume cha saa, ili asikingwe na mwili wako jaji anapotazama. Ataomba pia uende moja kwa moja na kurudi, au uchore pembetatu. Kosa la wengi liko kwao wenyewe: wanakimbia polepole mno, mbwa anaanza kutembea kwa kutikisa kiwiliwili, miguu ya upande mmoja ikienda pamoja. Mwombe mtu akurekodi kwa simu kutoka mbele na ubavuni, ujaribu kasi tatu tofauti, uchague ile ambayo mgongo wake unatulia. Mbwa anayenusa chini kila hatua anahitaji mazoezi sehemu zenye harufu nyingi, si sebuleni.

Manyoya yanahitaji kalenda. Teria wa manyoya magumu aliyezoea mashine ya kinyozi hatakuwa tayari mwezi ujao, kwa kuwa manyoya yake yanatakiwa kunyofolewa kwa mkono na kuota upya, na hilo huchukua miezi. Pudo (poodle) aliyepita miezi 12 hawezi kuonyeshwa Marekani kwa mtindo wa watoto. Anahitaji mikato rasmi, na manyoya ya mikato hiyo hayaoti kwa wiki mbili. Jike huweza kupukutika manyoya baada ya kuwa kwenye joto au kunyonyesha. Uzito nao: mbwa wengi wa nyumbani wamenenepa, na mafuta huficha kiuno na kuharibu mwendo. Matembezi marefu ya kila siku yanasaidia kuliko shampuu yoyote.

Kujiandikisha hufungwa mapema, mara nyingi wiki kadhaa kabla, na daraja unalichagua wewe, hivyo soma umri unaotakiwa. Kwa aliyezeeka lipo daraja la wakongwe, linaloanzia miaka 7 kwa Kennel Club na 8 kwa FCI. Kwa maoni yangu ndilo zuri kuliko yote kulitazama: mbwa anayefika umri huo akiwa bado na miguu safi amethibitisha kitu ambacho kijana bado anakiahidi tu.

Katika maonyesho mengi ya FCI jaji humpa mbwa tathmini ya ubora na maelezo ya maandishi. Karatasi hiyo ina faida kuliko utepe. Majaji watatu wasiofahamiana wakiandika kwamba bega limesimama mno, hilo ni umbile, na mazoezi hayataligusa. Mwonyeshe kwa kujifurahisha, au mpeleke kwenye mashindano ya utii au ya viunzi, ambako bega hilo halihesabiwi. Wakiandika kwamba hakutulia, alirudi nyuma au alinenepa, jiandikishe tena, kwa sababu hayo yote matatu yanarekebishika.